Mafuta ya Kupima

Tulipokuwa watoto, presha na kisukari yalikuwa maradhi ya watu wengine. Yalikuwa ya wakubwa wenye magari na ya matajiri wa mjini wenye vitambi. Sisi tulioishi kusini mwa pwani ya Tanzania, tukilima ufuta na mihogo, tulikuwa na maradhi yetu ya kututosha: homa, kuhara, kichocho, safura. Mtu akianguka ghafla akapooza upande mmoja, wazee walisema kapigwa na pepo, akatafutiwa mganga. Hakuna aliyeuliza alikuwa akila nini.

Wala imani ile haikuwa ujinga mtupu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika vijiji vya Tanzania, na katika vijiji hivyo wenye kisukari hawakufikia hata mtu mzima mmoja kati ya mia. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii wenye kisukari walionekana kuwa kama 9 katika kila mia, na wenye shinikizo la damu kama robo ya watu wote waliopimwa. Njia za kupima katika chunguzi hizo mbili si moja, wala vijijini si sawa na mjini, kwa hiyo simwambii msomaji kwamba ugonjwa umeongezeka mara tisa kamili. Lakini hata mtu asiyejua hesabu anaweza kuketi katika baraza yoyote ya mtaa wetu leo akahesabu fimbo za kutembelea na mikono iliyolegea.

Ukiuliza sababu, jibu utakalopewa ni tayari kama kahawa ya mchana: watu wamekuwa wavivu na walafi. Wamesahau jembe, wamependa chipsi. Nimelisikia jibu hili misikitini, katika mikutano ya hadhara na redioni, na husemwa zaidi na watu ambao wenyewe walipanda gari kuja kulisema. Sikatai kwamba ulafi upo. Ninachokataa ni kwamba kati ya mwaka 1989 na 2012 Watanzania waligeuka ghafla wakawa na tabia mbovu kuliko za baba zao. Binadamu hawabadiliki upesi hivyo. Vinavyobadilika upesi ni vitu vinavyowazunguka: dukani kuna nini, kwa bei gani, barabara inapita wapi, kazi ni ya kusimama au ya kuketi.

Jambo hili nilifundishwa na dada yangu mkubwa, ingawa yeye hakujua kama anafundisha.

Dada alikuwa akichoma vitumbua. Aliamka saa kumi za usiku, akateka maji, akawasha moto, na jua lilipochomoza wateja wake walikuwa wamekwisha panga foleni na visahani vyao. Aliwasomesha watoto wanne kwa vitumbua hivyo. Mwaka 2011, alipokuwa na miaka 62, nilimpeleka zahanati kwa ajili ya kizunguzungu, akapimwa, akaambiwa ana presha na sukari imepanda. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa binti mpole, mwenye adabu, na alimweleza kila kitu kama alivyofundishwa.

“Mama, punguza chumvi, punguza sukari. Acha mafuta haya yanayoganda, tumia ya alizeti au ya ufuta. Kula mboga na matunda. Na kila siku utembee nusu saa.”

“Nimekusikia, mwanangu,” alisema Dada. “Hayo mafuta ya ufuta yanauzwa wapi?”

Yule binti akafikiri kidogo. “Kule mjini, Mama. Kwenye maduka makubwa.”

“Yanapimwa?”

“Hapana, ni ya chupa.”

Dada akatikisa kichwa, akashukuru, tukatoka. Kuhusu kutembea nusu saa hakusema kitu.

Neno lile, “yanapimwa?”, limekaa moyoni mwangu miaka yote hii. Kwa msomaji asiyeishi mtaa kama wetu nieleze. Mama muuza vitumbua hanunui mafuta kwa chupa. Hununua kwa kipimo. Mwenye duka ana dumu la njano chini ya meza, ana kikombe kikubwa na kidogo, na mteja huja na kichupa chake akatiliwa ya pesa aliyo nayo. Ni utaratibu mzuri, unamstahi mtu mwenye kipato cha siku kwa siku. Lakini katika dumu lile huwamo mafuta ya aina moja tu, nayo aghalabu ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia au Indonesia, kwa sababu ndiyo rahisi. Mwenye duka hakuyachagua kwa ubaya. Anauza yaliyoletwa. Basi Dada aliporudi nyumbani siku ile, uchaguzi wake ulikuwa umekwisha fanywa. Ulifanywa bandarini, na katika ofisi zinazopanga ushuru, na watu ambao kamwe hawataonja kitumbua chake. Lakini karatasi ya ushauri iliandikwa jina lake yeye peke yake.

Niseme machache kuhusu mafuta yenyewe, maana hapa watu hubabaishana. Mawese, kwa takriban nusu yake, ni mafuta ya ile jamii inayoganda, ambayo mtu akiyala kwa wingi na kwa muda mrefu huongeza lehemu katika damu, ile wanayoiita kolesteroli. Na lehemu ikizidi huziba mishipa ya moyo na ya ubongo. Alizeti na ufuta yana kiasi kidogo cha jamii hiyo, kama sehemu moja katika nane hivi. Sisemi mawese ni sumu. Mawese mekundu ya Kigoma, yanayotiwa kidogo kwenye mboga, yana vitamini A ya kuwafaa watoto. Na kabla ndugu zangu wa pwani hawajaanza kumcheka mtu wa Kigoma, wajue kwamba mafuta ya nazi yana hiyo jamii inayoganda kuliko mawese, kuliko hata siagi. Mimi mwenyewe wali bila tui siuiti wali. Lakini tui la nazi moja lililogawanywa kwa watu wanane ni jambo moja, na karai la mafuta linalochemka kutwa ni jambo jingine.

Kinachoniuma zaidi ni ufuta. Mikoa yetu ya kusini ni mashuhuri kwa ufuta. Zamani, katika miji ya pwani kama Unguja na Lamu, palikuwa na vinu vya kukamulia mafuta vilivyozungushwa na ngamia, na mafuta ya uto yalikuwa ya kupikia, ya kujipaka na ya taa. Leo ufuta wetu hukusanywa maghalani, hupigwa mnada, hupakiwa meli ukaenda Asia. Na meli nyingine hutoka Asia na mawese yetu. Wachumi wana maelezo yao, na huenda ni sahihi kwa upande wa fedha za kigeni. Ila katika hesabu zao sijawahi kuona safu ya mkono wa dada yangu.

Kwa maana mkono wake wa kulia ulikufa. Mwaka 2016, asubuhi ya siku ya kazi, alikuwa akigeuza vitumbua, kijiti kikamponyoka. Akainama kukiokota asiweze kuinuka. Kiharusi.

Nilipokuwa nikimuuguza nilikuwa nimestaafu ualimu, nina wakati wa kusoma, na ndipo nilipokutana na habari za Mauritius. Nimezisimulia mara nyingi kiasi kwamba wajukuu wangu hukimbia nikizianza.

Mauritius ni kisiwa chenye watu wa asili nyingi, Wahindi, Waafrika, Wachina na mchanganyiko wao, wapatao milioni moja wakati ule. Katika miaka ya 1980 kilikuwa kimeanza kutajirika kwa viwanda na utalii, na maradhi ya moyo na kisukari yalikuwa yakiua watu wengi kupita kiasi. Palikuwapo mafuta ya bei nafuu, ya mgawo, ambayo serikali ndiyo iliyoyasimamia, na familia nyingi zilipikia hayo. Yalikuwa mawese kwa sehemu kubwa. Mwaka 1987, pamoja na kampeni za redio, magazeti na shule, serikali iliamua jambo dogo la kiofisi: mafuta ya mgawo yawe ya soya. Basi. Bibi aliyekwenda dukani na chupa yake aliendelea kwenda na chupa yake, na huenda wengine hawakujua kama kuna kilichobadilika. Watafiti walikuwa wamepima damu za watu wazima mwaka 1987, wakapima tena mwaka 1992. Wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 katika kila lita ya damu. Daktari yeyote atakuambia kwamba kumshusha mgonjwa mmoja kiasi hicho kwa ushauri wa maneno ni kazi ngumu. Hapa walikuwa watu wa kisiwa kizima, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitoka katika dumu.

Lakini nisiipambe habari hii. Katika miaka hiyo hiyo mitano unene ulizidi kule Mauritius, na kisukari hakikupungua. Mafuta yalibadilishwa, lakini sukari haikuguswa, na watu walizidi kufanya kazi za kuketi. Ilichukua muda mrefu kabla ya nchi ile kupiga marufuku soda katika mabanda ya chakula ya shule, mwaka 2009, na kutoza kodi kwa kila gramu ya sukari iliyomo katika vinywaji, mwaka 2013. Hadi sasa karibu mtu mzima mmoja katika watano kisiwani humo ana kisukari. Kwa hiyo anayetaka dawa ya mara moja asiitafute huko. Mimi najifunza jambo dogo zaidi: pale serikali ilipotia mkono, damu za watu zilibadilika, hata za wale wasiosikiliza redio. Pale isipotia, hazikubadilika.

Habari ya pili ni ya nchi ambayo sisi wa kusini tuliijua kwa sababu nyingine. Wafini ndio waliokuja kutuchimbia visima mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Walikuwa warefu, wakimya, na jua letu liliwachoma vibaya. Hatukujua kwamba wakati huo huo, kwao Ufini, wanaume wa umri wao walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu watu wa nchi nyingine yoyote duniani, na zaidi katika mkoa wa mashariki uitwao Karelia ya Kaskazini, unaopakana na Urusi. Ulikuwa mkoa wa wakata miti na wafugaji wa ng’ombe. Walipaka siagi kwenye mkate, wakakaangia siagi, wakanywa maziwa yenye mafuta yote, wakatia chumvi kwa wingi, na zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara. Mashambani wajane walikuwa wengi.

Ninalolipenda katika habari hii ni kwamba ilianza na malalamiko ya wananchi. Mwaka 1971 viongozi na wawakilishi wa mkoa ule waliandika ombi kwa serikali yao: tunakufa, tufanyieni kitu. Mwaka 1972 akapelekwa daktari kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, Pekka Puska, pamoja na kikosi chake. Hawakujifungia hospitalini kungoja wagonjwa. Walikwenda kwa chama cha akina mama wa nyumbani, kinachoitwa Martta, chenye matawi hadi vijijini, na akina mama wakaandaa karamu za jioni ambamo walipika vyakula vya kawaida vya kwao kwa siagi kidogo na mboga zaidi, wakala pamoja, wakazungumza. Walikwenda kwa watengeneza soseji, na palikuwa na mmoja aliyekubali kupunguza mafuta akatia uyoga. Walikwenda kwa waoka mikate kuhusu chumvi. Wafugaji wa ng’ombe walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana siagi ndiyo iliyokuwa ada za shule za watoto wao. Baadaye ukaanzishwa mradi wa kuwasaidia wakulima kupanda beri, matunda madogo yanayostahimili baridi ya kwao, ili wapate soko jingine. Na Wafini wakaendeleza mbegu yao wenyewe ya mafuta, jamii ya haradali, inayoweza kuota katika baridi kali; mafuta yake yakaingia majikoni katika miaka ya 1980. Nikisoma habari za mbegu hiyo nauona ufuta wetu ukipakiwa meli.

Na sheria nayo ikafuata. Mwaka 1976 bunge lao lilipitisha sheria ya tumbaku iliyokomesha matangazo ya sigara. Kufikia miaka ya 2000 vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kazi katika mkoa ule vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wapo wataalamu waliotia shaka. Walisema mkoa jirani wa Kuopio, uliochukuliwa kuwa wa kulinganishia, nao ulionyesha upungufu mkubwa, sasa mradi ule ulifanya nini hasa? Nimelifikiria swali hili kwa muda. Jirani akijenga choo nami nikakiona nikajenga changu, mtaalamu atasema choo cha kwanza hakikuwa na athari. Mimi naona ndiyo athari yenyewe.

Nimetaja choo kwa makusudi. Ndugu msomaji, sisi wenyewe tuliwahi kufanya kazi ya namna hii, tena bila kufundishwa na Mfini. Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 19, na kwa kuwa nilijua kusoma nilifanywa mwongozaji wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kila wiki tulikusanyika chini ya mwembe kuzunguka redio, tukasikiliza kipindi, nikasoma kitabu kwa sauti, kisha tukajadili: malaria hutoka wapi, kichocho huingiaje, nani katika kikundi chetu hana choo na kwa nini. Baada ya majadiliano hatukutawanyika. Tulichukua majembe. Nchi nzima washiriki walikadiriwa kuwa kama milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Sisahau kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikiwahamishia watu vijijini kwa nguvu, na wengine walichomewa nyumba zao, kwa hiyo simsifii mtu kwa jumla. Lakini mambo mawili yalikuwapo chini ya mwembe ule ambayo leo siyaoni pamoja: serikali iliyosema jambo hili ni letu sote, na majirani waliotazamana usoni.

Siku hizi serikali husema kwa mabango, na majirani hutazamana msibani.

Wako watakaosema watu wazima hawapangiwi chakula. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha mabasi. Tuliokuwa tukisafiri kwenda Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 twakumbuka tulivyofika tunanuka tumbaku, na mama mwenye mtoto mchanga alinyamaza, maana ndivyo mabasi yalivyokuwa. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2003, ya Kenya mwaka 2007, ya Uganda mwaka 2015. Leo mtu akiwasha sigara ndani ya basi hata kondakta hana haja ya kusema. Abiria watamshusha wenyewe. Hakuna aliyepangiwa maisha. Kilichotokea ni kwamba yule mama naye alipata mtetezi. Hali kadhalika chumvi ya mkate: hakuna mlaji anayeitia, huitia mwoka mikate, kwa hiyo Afrika Kusini mwaka 2016 ilianza kutekeleza kanuni zinazoweka kikomo cha chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani. Muuguzi wetu alimwambia Dada apunguze chumvi. Angeipunguzaje iliyokwisha okwa?

Nirudi mtaani. Dada alipopooza, majirani wake wanawake hawakuunda kamati. Walikuja tu. Mmoja alichukua zamu ya kumwogesha, mwingine akaendelea kuchoma vitumbua barazani pale pale ili wateja wasipotee, na faida akampa. Walipokuwa wakikaa naye jioni, mmoja wao, muuguzi mstaafu, alileta kipimo cha presha akawapima mmoja mmoja kwa utani. Kati ya wanawake kumi na wawili waliokuwapo siku ile, watano walikuwa na presha, na wawili tu ndio waliojua. Utani ukaisha.

Mwaka 2017 wakaanza kutembea pamoja baada ya sala ya alfajiri. Mwanamke peke yake barabarani saa hizo husemwa, lakini wanawake kumi na tano hakuna wa kuwasema. Walikuwa wakizunguka uwanja wa mpira wa mtaa, mahali ambapo vizazi vitatu vya watoto wetu vilikimbia mchakamchaka. Mwaka 2018 uwanja huo ukagawiwa viwanja vya biashara. Tulipeleka malalamiko, tukaambiwa mji unakua. Ni kweli unakua. Sasa una fremu za maduka ishirini na sita, na katika tisa kati yake huuzwa soda na chipsi. Wanawake wakahamia kando ya barabara kuu, hadi mmoja wao alipogongwa na bodaboda akavunjika mguu, kikundi kikabaki nusu. Nilisoma kwamba Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga barabara zake kwa magari asubuhi za Jumapili fulani ili watu watembee na kukimbia, na wanaotaka hupimwa presha na sukari hapo hapo. Nilikata habari hiyo nikampelekea mheshimiwa mmoja. Alinishukuru kwa barua nzuri.

Kilichofanikiwa zaidi ni mafuta. Wazo lilikuwa la Dada, akiwa kitandani, kwa ulimi wake uliokuwa mzito. Alisema kama mafuta ya ufuta hayapimwi, basi sisi tuyapime. Fundi mmoja kijana wa mtaa wetu alikuwa na kinu kidogo cha kukamulia. Wakati wa mavuno tulichangishana, tukanunua magunia kutoka kwa wakulima, tukakamua, tukatia katika madumu. Kila Jumamosi mafuta hugawanywa kwa kikombe, kwa bei ya gharama tu. Bado ni ghali kuliko mawese, sidanganyi mtu. Akina mama waliziba pengo hilo kwa kutia kidogo. Karai moja la kukaangia mihogo likawa la kuchemshia mihogo, na katika shughuli mbili za harusi za mwaka 2019 pilau ilipikwa bila yale mafuta ya kuelea juu. Harusi ya kwanza wageni walinong’ona kwamba mwenye shughuli ni bahili. Ya pili hawakunong’ona.

Dada alifariki mwishoni mwa mwaka huo, kwa kiharusi cha pili. Madumu alikuwa ameyaona mavuno mawili.

Sasa sisi ni nyumba 42. Mtaa wetu una nyumba zaidi ya 600. Huu ndio ukweli ambao msifu wa majirani hapendi kuutaja. Kwa nguvu zetu zote, na umoja wetu, na baraza la marehemu dada yangu, tumefika nyumba 42. Na zile nyingine mtoto hutumwa dukani na kichupa kama kawaida. Mauritius kalamu moja ilifika kila nyumba. Mwaka 2018 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mawese ghafi yanayotoka nje hadi asilimia 25, ili kuwalinda wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma. Nilifurahi, nikadhani dumu la njano litabadilika. Lakini hatua ile ilifanywa kwa ajili ya mkulima na hazina, hakuna aliyemtaja mwenye presha, na mtaani kwetu mama ntilie aliona tu kwamba mafuta yamepanda bei, akanunua kidogo ya yale yale. Ushuru peke yake ni nusu ya kalamu. Nusu nyingine ni kuhakikisha kwamba mafuta bora yanamfikia mwenye duka wetu, katika dumu, kwa kipimo, na bei isiyomshinda mchoma vitumbua. Nimeandika hivyo kwa waliohusika, nami sijapata jibu, nitaandika tena.

Mwaka huu mavuno yalikuwa ya wastani na bei ya ghalani ilipanda, hivyo tulipata magunia tisa badala ya kumi na mawili. Kikombe kimepunguzwa kidogo. Mwenye zamu ya kupima ni mkwe wa Dada, mke wa mwanawe wa pili, ambaye hukata kila tone kwa haki, na hata mimi mzee wake hanizidishii.